Kofia ya Mnyapara na Kichuguu cha Mkwe

Mwaka wa hamsini na tatu, boila jipya, tangi kubwa la mvuke la kiwanda cha mkonge, lilinasa matopeni njia ya Maramba, hatua chache kabla ya kufika. Bwana Meneja akatamka mbele ya watu wote: lisipofika kabla ya king'ora cha jioni, kofia nyekundu ya unyapara itahama kutoka kichwa cha Laurenti kwenda cha Uweso. Uweso akaenda kunyoa mchana uleule, isije ikambana.

Laurenti hakutishika. Sauti alikuwa nayo, tena sauti haswa. Akafunga kamba ndefu, akapanga kambi nzima, wengine wakapotelea nyuma ya kona, kisha akasimama mbele akapaza: "Haraambee!" Wa mbele wakavuta. Wa kati wakavuta walipoona mgongo wa jirani umeinama. Wa nyuma ya kona, wasiomwona, wakavuta wenzao wakiwa wameshapumzika. Jasho liliwatoka wote, na boila likakaa palepale kama bibi harusi anayesubiri zawadi yake ya kipa mkono.

Ndipo balaa likaja. Bi Praxeda, mama mzazi wa Beatrisi mkewe Laurenti, alikuwa akipita na chungu cha togwa kichwani. Kwao Songea mtu na mkwewe hawatazamani wala hawakaribiani. Basi mama wa watu, akitaka kujua mkwe yuko wapi apate kumkwepa, akatua chungu akapanda kichuguu kirefu kilichokuwa pale konani. Laurenti alipomwona akajifunika uso kwa kofia, akatumbukia kwenye mkonge na miiba yake, na sauti ikakatika.

Kumbe kichuguuni pana siafu. Praxeda akapiga mguu chini. Wa mbele walimwona, wa nyuma ya kona walimwona, wote wakadhani ndiyo ishara, wakavuta kwa pamoja. Boila likaguna. Siafu wakapanda zaidi, mama akapiga mguu tena, boila likatoka matopeni.

"Usishuke, Mama!" mvutaji mmoja, jina lake Msafiri, alilia kutoka mkiani mwa kamba.

"Wananila huku!"

"Vumilia, Mama, kiwanda kile pale!"

Laurenti alisikia vifijo akiwa mkongeni, akaona aibu ya kufa mtu. Kazi imefanyika, naye hakuinua hata kidole.

King'ora kililia boila likiwa mlangoni. Uweso, upara ukimeta, akasogea kupokea kofia.

"Nani aliwaongoza?" Meneja aliuliza.

Laurenti akatoka mkongeni kinyumenyume, akavua kofia. Machozi yalikuwa karibu. "Si mimi, bwana."

"Ni yeye," alisema Praxeda, aliyekwisha kushuka kichuguuni, naye kageukia ukuta wa kiwanda. "Tangu amwoe mwanangu hajanisogelea. Lakini akikohoa kambi ya kwanza, mimi kambi ya pili naruka. Leo kanipandisha kichuguu bila kunigusa. Kama huko si kuongoza, basi sijui kuongoza."

Meneja akacheka mpaka akashika mbavu, akamrudishia kofia. Laurenti akaipokea kwa kupapasa.

"Asante, Mama," aliuambia mkonge, na ile sauti yake kubwa ikatoka nyembamba.

Kule ukutani Praxeda akaisikia, akaruka. Huenda ni siafu aliyebaki mguuni.