Kiti cha Kushoto cha Datsun

Efraimu alikuwa amefuata betri ya saa ya ukutani. Ilikuwa miaka ile maduka ya Arusha yalipoanza kujaa tena, na watu waliozoea kukuta rafu tupu walikuwa wanaingia madukani hata kama hawana shida ya kitu, ili mradi waangalie. Kwa Shamina, karibu na stendi, kulikuwa na redio, sabuni za kila rangi, miavuli inayojifungua yenyewe, na midoli iliyopitia Dubai. Juu kabisa, pembeni ya thermosi, Efraimu akaliona boksi lenye picha ya Datsun ya milango minne. Lilikuwa gari dogo la plastiki, la kuunganisha kwa gundi kipande kwa kipande, ukimaliza linatosha kukaa kwenye kiganja.

"Hilo limenidodea," Shamina alisema, akipanda kwenye stuli kulishusha. "Watoto wanataka kitu cha kusukuma, hawataki kazi. Unampelekea nani?"

"Nifungie tu, dada Shamina."

Alipofika nyumbani Levolosi, mke wake, Nice, aliyekuwa akipanga marobota yake ya mitumba ya kupeleka soko la Kilombero, aliliangalia boksi, akamwangalia mumewe.

"Baba Anande, betri iko wapi?"

Betri alikuwa ameisahau.

Efraimu alikuwa fundi wa meno bandia katika kliniki moja ya mjini, na kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Mohinder, zamani, wote wakiwa vijana. Mohinder alikuwa mtoto wa Singasinga mwenye karakana ya kukereza vyuma kule Sakina, na siku hiyo alikuja kliniki akiwa amejigonga kwenye usukani, jino la mbele halipo, anacheka. Alikuwa anajiandaa kwa mashindano ya magari. Efraimu alimtengenezea jino. Mohinder alipokuja kulichukua alijitazama kwenye kioo, akauliza, "Wewe unaweza kusoma ramani?" Efraimu akasema anaweza. Hakuwa anaweza, alijifunza Jumamosi ya wiki ile ile.

Tangu hapo walikuwa watu wa gari moja, Datsun kama ile ya kwenye boksi. Mohinder alikaa kulia, kwenye usukani. Efraimu kushoto, na karatasi za njia magotini. Walizunguka mlima Meru mpaka wakawa wanaujua kama uso wa mama: Oldonyo Sambu kwenye vumbi, Ngare Nanyuki kwenye matope meusi, wanashuka Usa River, wanapita mashamba ya Kikwe watu wakiacha majembe na kukimbilia barabarani kuwapungia. Efraimu alikuwa anaita njia kabla haijaonekana. Kulia kali. Mtaro. Panda, usikate moto. Na Mohinder alikuwa anaifuata sauti ile bila kuuliza, hata pale vumbi lilipofunika kioo chote na mbele hakuna kinachoonekana. Hawakushinda sana. Mara moja walitoka wa pili, wakapewa thermosi kila mmoja. Lakini Efraimu hajawahi, kabla wala baada, kuaminiwa na mtu kiasi kile.

Halafu mambo yakaharibika nchi nzima. Petroli ikawa ya kupanga foleni, tairi hazipatikani, Jumapili mchana magari hayaruhusiwi barabarani. Mashindano yakafa. Kaka zake Mohinder wakaanza kuhamia Uingereza, akabaki mmoja tu na karakana, na mwishowe Mohinder naye akaiuza Datsun kwa mfanyabiashara wa Singida, akaondoka. Barua zilikuja mwanzoni, zikapungua, zikakoma. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Hilo ndilo lililomsumbua Efraimu miaka yote, kwa sababu ugomvi una mahali pa kuushika, ukiamua kusamehe unasamehe. Yeye alikuwa hana cha kusamehe. Alikuwa na nafasi tupu tu.

Gari lililotoka kwenye boksi lilikuwa safi, gari la mtu wa ofisini anayempeleka mkewe kanisani. Efraimu aliliunganisha juujuu, akaliweka dirishani, akalitazama siku kadhaa, kisha akalibomoa. Akaanza upya, kwa vitu vyake mwenyewe.

Vyuma vya kukinga paa lisiwabonyee gari likipinduka, ambavyo Mohinder alivichomelea mwenyewe, alivikunja kwa waya wa kufungia meno bandia. Taa za ziada za mbele alizifinyanga vikombe vyake kwa bati la tyubu ya dawa ya meno, na vioo vyake akavichonga kwa plastiki angavu, akaisugua mpaka ikawa kama tone la maji. Vile vipande vinavyoning'inia nyuma ya tairi kuzuia mawe alivikata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, lakini vikawa vinene, vikamfanya aukwangue mpira kwa kijembe mpaka ukawa mwepesi kama jani. Mikanda ya viti ilitoka kwenye utepe wa nguo ya mtoto, kwenye mitumba ya Nice. Usukani, uliokuwa umezungushiwa ngozi, aliuzungushia uzi mweusi, na kwa kuwa ngozi ile ilikuwa imechakaa upande mmoja tu, pale Mohinder alipopenda kushika, Efraimu akausugua uzi upande huo huo kwa ukucha mpaka ukatoa nyuzinyuzi. Akapasha moto kijiko chake cha kuchongea nta, akakibonyeza taratibu chini ya taa ya kulia, ili pabonyee pale walipowahi kugonga ukingo wa daraja.

Kilichomtesa kuliko vyote ni vumbi. Alipanda lori mpaka Oldonyo Sambu, akachota vumbi lenyewe kwenye kikopo cha filamu, akarudi nalo. Lakini kwenye gari dogo kila chembe ilionekana kama jiwe la kujengea. Ikabidi alisage, alichekeche kwa soksi ndefu ya Nice, kisha alipulize juu ya vanishi ambayo haijakauka sawasawa. Hapo ndipo gari lilipoanza kufanana na lao. Siku hiyo aliliinua usawa wa macho, dirishani, jua la saa kumi likiwa nyuma yake, na kwa muda kidogo akaisikia harufu ya petroli.

Nice alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha.

"Ungekuwa na mwanamke wa nje ningejua wa kwenda kumshika nguo," alisema. "Sasa mimi nagombana na nani hapa?"

Hakusema kwa ubaya. Yeye pia alimkumbuka Mohinder, jinsi alivyokuwa akila kiburu chake cha ndizi na maharage na kuomba ukoko wa chini ya sufuria.

Gari lilikuwa limekaribia kwisha Shamina alipomwita Efraimu kutoka upande wa pili wa barabara. "Umesikia? Mohinder anakuja. Binti wa kaka yake anaolewa. Si ninyi mliokuwa mkila vumbi pamoja?"

Efraimu alisema ndiyo, ni sisi. Alitembea mpaka nyumbani bila kumjibu aliyemsalimia. Siku zilizofuata hakuligusa gari. Nice alipomuuliza, alisema gundi imekwisha, na gundi ilikuwepo.

Mohinder alikuja baada ya harusi, mchana, kwa gari la kaka yake. Efraimu alimwona akishuka na moyo ukamlipuka, kisha ukatulia mahali pabaya, kwa sababu aliyeshuka alikuwa mzee. Ndevu zilikuwa nyeupe zote, tumbo limemtangulia, mguu mmoja umefungwa bandeji ndani ya kandambili, na mkononi ana fimbo. Alisimama getini akihema.

"Shemeji," Nice alimwambia akimpokea mkono, "shikamoo."

"Marahaba, shemeji. Usinipe shikamoo hizo, utanizeesha." Akageuka. "Efraimu."

"Mohinder."

Walikumbatiana, na fimbo ikaanguka, wakaiacha.

Walikaa mezani, Nice akamimina chai. Mohinder alieleza juu ya sukari, ambayo ilikuwa inamla mguu polepole. Alieleza kazi aliyofanya kule, kwenye kiwanda cha vitasa vya milango. Kiswahili chake kilikuwa kinakwama, anatafuta neno, analipata, anatabasamu kama aliyeokota kitu. Efraimu alieleza habari za watoto. Chai ikapoa. Alikuwa ameshaamua kutomwonyesha gari. Lingeonekana jambo la kitoto, au, vibaya zaidi, lingeonekana kama lawama. Nice ndiye aliyeingia chumbani, akalitoa, akaliweka mezani katikati ya vikombe, akaenda zake jikoni.

Mohinder akavaa miwani. Akaliinamia, akaligeuza kwa kidole. Alipofika kwenye taa ya kulia iliyobonyea alicheka kidogo puani. Alipofika kwenye usukani akalisogeza gari karibu na macho. Aliutazama ule uzi uliochakaa upande mmoja, akautazama mkono wake mwenyewe, ukiwa juu ya meza. Kisha akachungulia upande wa pili.

"Hiki siyo kiti chako," alisema.

Efraimu hakuelewa.

"Kiti chako. Hiki kimenyooka, kimekaa nyuma kama cha abiria wa teksi. Wewe kiti chako tulikisogeza mbele mpaka mwisho, kwa sababu ya karatasi. Magoti yako yalikuwa yanagonga dashibodi. Hapa," akaweka ncha ya kucha, "hapa palikuwa na michubuko ya magoti yako. Na kalamu yako, ulikuwa unaifunga kwa uzi kwenye hiki chuma, maana zilikuwa zinakuponyoka tukiruka. Na kioo cha mlango, ulikuwa unafuta ukungu kwa kiwiko, siyo kwa kitambaa. Palibaki duara." Akavua miwani. "Wewe mwenyewe hukuviona?"

Efraimu aliinama akachungulia. Ilikuwa kweli. Upande wa kulia alikuwa ameujaza kila kitu, hata mkwaruzo wa pete ya chuma ya Mohinder kwenye gia. Upande wa kushoto alikuwa ameuacha kama ulivyotoka kwenye boksi. Hakuwahi kuuangalia, wakati ule wala sasa.

"Nilikuwa natazama njia," alisema. "Na wewe."

"Na mimi nilikuwa natazama wapi?" Mohinder aliuliza. "Miaka yote kule, Efraimu, nikiendesha mwenyewe, natazama kushoto. Mke wangu ananiambia, tazama mbele."

Basi likizo yake iliyobaki wakaimalizia mezani pale. Mohinder alikuwa anakuja asubuhi, anaweka mguu juu ya kiti, anaelekeza, na Efraimu anatengeneza. Kiti kikang'olewa, kikasogezwa. Kalamu ikachongwa kwenye kijiti cha kiberiti na kufungwa kwa unywele wa Nice. Karatasi za njia zikakatwa, ndogo kuliko ukucha, na wakabishana siku nzima kama zilikuwa na mstari mwekundu au wa bluu. Walibishana kwa furaha. Siku moja Mohinder aliomba apewe yeye kijembe achonge mpini wa mlango, lakini vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa sababu ya sukari, kipande kikamdondoka mara kwa mara, mpaka akakirudisha mezani. Efraimu alikichukua akakichonga taratibu, wala hakumtazama usoni.

Asubuhi ya safari, Efraimu alilifunga gari kwa pamba ndani ya boksi la kubebea meno bandia, akalitia mikononi mwa Mohinder.

"Nichukue?" Mohinder aliuliza.

"Chukua. Mimi nitakaa nalo la nini? Nimeshalijua."

Mohinder hakubisha. Aliingia garini, akalipakata boksi magotini kwa mikono miwili, na kaka yake akaondoa gari kuelekea uwanja wa ndege.

Efraimu alidhani sasa atapumzika. Amemwona mtu wake, wamemaliza kazi, wameagana vizuri. Lakini wiki zilizofuata hali ikawa mbaya kuliko zamani. Kijana mwenye jino jipya, anayecheka kwenye vumbi, hakumjia tena. Aliyemjia ni yule mzee wa bandeji, anayekwama kwenye maneno, anayekidondosha kipande na kukitazama. Yule wa zamani alikuwa amezoea kumkosa, ilikuwa kama kilema anachoishi nacho. Huyu alikuwa hai, yuko mahali fulani leo hii, anaumwa, anakunywa chai isiyo na sukari, na Efraimu hayupo. Kazini alikuwa anasimama na nta mkononi mpaka inakuwa ngumu.

Alikwenda posta kupiga simu. Mwanamke alipokea, akasema kwa Kiingereza kwamba Mohinder yuko hospitali anasafishwa kidonda, apige kesho. Kesho yake akaenda tena. Sauti ikaja kutoka mbali, ina mafua.

"Gari liko juu ya televisheni," Mohinder alisema. "Wajukuu nimewakataza hata kulipulizia." Akakohoa. "Wanasema huenda wakaondoa vidole viwili. Siyo kitu. Nilikuwa nakuja Desemba, sasa sijui."

Simu ilikuwa inavuma kama upepo kwenye mabati. Efraimu aliubana mkonga sikioni.

"Njoo wewe, basi," Mohinder alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Nyumba ina nafasi. Kaka wa huko Arusha atakusaidia na hayo mambo ya tiketi, nitaongea naye."

Efraimu alisema ataangalia. Ni neno ambalo watu husema wakimaanisha hapana, na wote wawili walilijua hivyo.

Alimweleza Nice jioni ile, wakila, kama anayesimulia habari ya mtu mwingine. Nice alitafuna, akameza.

"Una pasipoti?"

"Nitaitoa wapi pasipoti? Mimi nimefika mwisho Nairobi."

"Basi kesho nyoa ndevu uende ukapige picha. Lile shati jeupe nitalipiga pasi."

"Mama Anande, na wewe."

"Unadhani nitaendelea kukaa na mtu ambaye hayupo?" Nice alisema, akamwongezea mboga. "Nenda ukamwone, ukae naye, mchokane. Halafu urudi."

Kesho yake alikwenda studio ya picha, akakaa kwenye stuli mbele ya pazia la bluu, shati likiwa bado na joto la pasi mgongoni. Mpiga picha alimwambia ainue kidevu kidogo na asitabasamu. Efraimu akainua kidevu. Lile la pili lilimshinda, ikabidi picha irudiwe.