Shangazi wa Kukaa Mlangoni

Kila mtu katika jengo lile la Hillbrow, mtaa wa jiji la huko kusini mwa Afrika, alijua kwamba siku Fauzia atakapoolewa, mlangoni atakaa Zamoyoni. Halikuwa jambo la kujadiliwa. Kwao Tanga, bwana harusi akishaozeshwa msikitini huja na wenzake kumwona mwali, akakuta mlango umefungwa na shangazi yuko nyuma yake. Hapo ndipo bwana huyo, na manukato yake yote, husimama akabembeleza kama mtoto aliyevunja sahani. Shangazi humuuliza yeye nani, katoka wapi, kafuata nini. Asiporidhika hafungui. Akiridhika hupokea doti yake ya kisutu, ile kanga ya harusi, kupitia upenyo wa mlango, akafungua. Zamoyoni alianza kuyaandaa maswali yake Fauzia akiwa darasa la tatu, na kila mwaka aliongeza moja.

"Nitamsimamisha mpaka ajute kuvaa viatu vipya," alimwambia.

"Eish, shangazi, atakimbia!"

"Akikimbia tutakuwa tumemjua mapema."

Sasa huyu Zamoyoni. Alizaliwa akapokelewa kama mtoto wa kiume, akapelekwa jandoni na wenzake, akafundishwa kusalimia kwa sauti nzito, na hakuna hata kimoja kilichomkaa. Watu wakadhani basi anataka kuwa mwanamke. Nao walikosea, maana neno hilo pia alilijaribu kimoyomoyo likambana makwapani. Alivaa suruali, shati refu na kanga begani. Wanja alipaka siku alizojisikia. Wambea walipomuuliza yeye ni nani hasa, alijibu kwamba ni fundi cherehani, na kama wana kitambaa wakilete.

Kaka yake, Seif, alikufa kwa ajali akamwachia Fauzia, binti wa miaka sita ambaye mama yake alikuwa ameshatangulia. Mtoto alisimama katikati ya chumba na begi lake la shule mgongoni, akauliza, "Nikuite nani?" Jibu la wazi lilikuwa baba mdogo. Zamoyoni alifungua mdomo alitamke, likagoma. Akasema, "Niite shangazi." Mtoto akaliita palepale, na Zamoyoni akageukia ukutani kwa sababu machozi yalimtoka na hakutaka kumtisha.

Kwake yeye shangazi halikuwa neno la umbile. Lilikuwa neno la kazi. Shangazi ndiye anayeweza kumfokea baba mtu, anayesuka nywele na kupiga vibao, anayeambiwa mambo yasiyoweza kuambiwa mwingine. Kazi hiyo aliiweza, na aliifanya vizuri kuliko mashangazi wengi wenye vyeo vyao vya kuzaliwa navyo. Katika majina yote aliyowahi kupewa duniani, hilo pekee lilimtosha.

Wanawake wa jengo walikubaliana naye bila kikao. Biubwa wa ghorofa ya chini, rafiki yake mkubwa, alikuwa akipanda kwake kichwa wazi, nywele zinang'aa mafuta, akajibwaga kitandani kumsengenya mumewe. Kwenye misiba Zamoyoni alikaa na kina mama akimenya vitunguu. Hakuna aliyemuuliza chochote. Yeye akauchukua ukimya ule kuwa ndiyo kukubaliwa, akaishi ndani yake miaka kumi na kitu kwa raha zake.

Kisha mwaka 2018 akaja Karimu. Kijana mzuri, mpole, fundi wa simu, wazazi wake Wazanzibari wanaokaa La Rochelle, mtaa mwingine wa jiji hilohilo. Kabla hata ya posa alimfuata Zamoyoni kazini kumuuliza shangazi angependa kisutu cha rangi gani siku ya mlango. Zamoyoni alijifanya kununa, akamwambia chekundu, na akienda kuchukua cha bei poa kitarushwa dirishani. Usiku ule hakulala kwa furaha.

Posa ilipopelekwa ilipokelewa vizuri, mpaka mama yake Karimu, Bi Ummi, alipoweka kikombe chini.

"Binti mzuri, na adabu anayo," alisema. "Mie nauliza kimoja tu. Walii wake nani?"

Walii ndiye mwanamume wa upande wa baba anayemwozesha binti kwa mkono wake. Bila yeye ndoa haifungwi. Baba amekufa, babu amekufa, kaka hana.

"Marehemu hakuacha ndugu wa kiume?" Bi Ummi aliendelea. Hakutazama dari wala zulia. Alimtazama Zamoyoni usoni, bila ubaya wowote, akingoja jibu.

Biubwa, aliyekuja kusaidia kupokea wageni, akakohoa, na Fauzia akainamia vidole vyake. Zamoyoni akasema chai imepoa, akaenda jikoni akasimama pale bila kupasha chochote.

Walimwendea sheikh. Alikuwa mtu mpole, na upole wake haukusaidia kitu. "Akiwepo ami yake wa damu siwezi kumruka," alisema. "Ukitamka mbele ya mashahidi kwamba wewe si mwanamume, nitamwozesha mimi, kama wanavyoozeshwa wasio na mtu. Sikulazimishi."

Habari kwamba huenda sheikh ndiye atakayeozesha zikafika La Rochelle kabla wao hawajarudi nyumbani. Bi Ummi akajibu kwa simu kwamba mwanawe hatooa binti asiye na mtu. Yeye hataki kuulizwa huko Unguja kwamba mkwewe kaokotwa wapi.

Fauzia alilia siku mbili. Siku ya tatu akaja akakaa sakafuni kati ya magoti ya Zamoyoni, kama alivyokuwa akikaa kusukwa.

"Siku moja tu, shangazi. Unavaa kanzu, unasema maneno mawili, unavua. Halafu unakuja kukaa mlangoni. Mimi ninajua wewe ni nani. Si inatosha?"

"Na mlangoni nakaa?"

"Nani mwingine atakaa?"

Hapo ndipo Zamoyoni alipokosea, na lilikuwa kosa la fundi cherehani: alidhani jina nalo huvaliwa na kuvuliwa. Akapiga hesabu zake. Msikitini baada ya alasiri. Akishatamka, atachomoka mbele ya msafara, apite nyuma ya jengo, apande ngazi, abadili nguo, na Karimu atakapofika atamkuta shangazi ameshafunga. Alipozipanga akacheka peke yake. Alikubali.

Karakana yake ilikuwa mtaa wa Doornfontein, na alichangia chumba na Léocadie, Mkongomani wa Lubumbashi, mshonaji wa magauni ya harusi. Wiki zile Zamoyoni alishona sare za wanawake wote wa upande wa mwali, kitambaa cha zambarau chenye maua ya dhahabu. Kutoka kitambaa hichohicho alijikatia yake: shati refu na suruali, si gauni, si kanzu, na mfuko mkubwa wa kutia kisutu atakachopokea. Aliitundika dirishani akaikagua kila asubuhi. Kisha akaleta kitambaa cheupe.

"Ile nyeupe ni ya nani?" Léocadie aliuliza.

"Yangu."

"Weye unajishonea kanzu?" Léocadie akasimamisha cherehani, akamwita shangazi kwa Kifaransa chao. "Tantine, weye unavaa ile, bale batu batakuona nayo. Batu bakishaona kintu, habasahau."

"Siku moja tu."

"Miye nimesema," Léocadie akajibu, akaendelea na kazi.

Jumamosi ikafika. Zamoyoni alinyoa kwa uangalifu, akafuta wanja, akavaa kanzu. Ilimkaa vizuri mno. Hajawahi kushona nguo iliyonyooka vile. Kwenye kioo akamwona Seif, akakasirika, maana hakumwalika.

Msikitini alishika mkono wa Karimu. "Nimekuozesha binti wa ndugu yangu, Fauzia binti Seif," alisema, na sauti ikatoka nzito ile ya kufundishwa, imekaa mahali pake kama haikuwahi kuondoka. Karimu akakubali. Wanaume wakaitikia, wakaanza kuinuka, na Zamoyoni akageuka kutafuta viatu vyake.

Hakuvifikia. Mzee mmoja alimkumbatia. Wa pili akampongeza, wa tatu akamuombea dua kwa kulea yatima. Watu ambao kwa miaka walimpita kwenye robot ya kona, zile taa za barabarani, bila kumtazama, leo walimwita ami, walimwita mzee wetu, wakamshika mabega. Kisha baba yake Karimu akamshika mkono wa kulia, Karimu akamshika wa kushoto, maana walii ndiye anayempeleka bwana harusi kwa mwali, hilo nalo ni desturi, na Zamoyoni katika hesabu zake zote alikuwa amelisahau. Aliwahi kuhudhuria harusi nyingi sana, lakini zote alizitazama kutoka ndani.

Wakapanda ngazi kwa dufu na kasida. Mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, mlango alioupaka rangi kwa mkono wake, Zamoyoni alisimama nje na wanaume. Ulikuwa umefungwa. Karimu akabisha.

"Nani wewe?" sauti ikauliza kutoka ndani. Ilikuwa ya Biubwa.

Wanaume wakacheka. Karimu akajitaja.

"Na aliyekuambia hapa pana mtu wako ni nani?"

Zamoyoni aliyatambua. Yalikuwa maswali yake, moja baada ya jingine, yale aliyomsimulia Biubwa pale kitandani mwaka hadi mwaka. Biubwa alikuwa akiyachanganya, lililofaa kuja mwisho akilitanguliza, na lile la vitunguu, tamu kuliko yote, alilisahau kabisa. Zamoyoni midomo ilimcheza. Alitaka kumwambia kupitia mlango: la vitunguu, Biubwa, hujamuuliza kama anajua kumenya! Lakini ami wa mwali haulizi maswali ya mlangoni.

Mlango ukafunguka kidogo. Karimu akatoa kisutu, chekundu, kizuri kweli, akamtazama Zamoyoni kwa haya kama mtu anayeomba radhi, kisha akakipenyeza. Mkono wa Biubwa ukakidaka. Vigelegele vikapasuka, na mlango ukafunguliwa wazi.

Zamoyoni akaingia na bwana harusi. Chumba kilijaa zambarau. Wanawake aliowapima viuno mwezi mzima, aliowaona wakinyonyesha, waliolia mapajani pake, wote kwa mara moja walivuta mitandio wakafunika vichwa. Hawakufanya kwa chuki. Mikono yao ilikwenda yenyewe, kwa vile wameingia wanaume wawili. Biubwa naye akajifunika, kwa kisutu kilekile, akatazama chini.

Fauzia alikuwa amekaa kitandani, hina mpaka viwikoni, Bi Ummi pembeni yake. Zamoyoni akauchukua mkono wa Karimu akauweka juu ya kichwa cha mtoto wake. Alingoja. Neno shangazi, hata kwa kunong'ona, lingemtosha.

"Ahsante, baba mdogo," Fauzia alisema, wazi, watu wote wasikie. Bi Ummi akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Zamoyoni akatoka akakaa na wanaume kwenye ngazi, akala pilau aliyoletewa kwenye sinia kubwa la heshima. Ilikuwa imekaushwa sana. Chumbani, sare yake ilibaki kwenye hanga nyuma ya mlango, na wanawake waliitundikia mikoba yao.

Baada ya harusi Biubwa hakuacha kuja, tusimsingizie. Alikuja na bakuli la maandazi, mtandio kichwani, akasimama kizingitini. "Ingia basi," Zamoyoni akamwambia. Biubwa akasema mume wake anamngoja. Mara ya pili akamtuma binti yake. Msiba ulipotokea ghorofa ya tano, vijana walimletea Zamoyoni kiti upande wa wanaume kabla hajafika, wakampa na kikombe cha kwanza cha kahawa. Vitunguu walimenya wengine.

Alivumilia yote hayo kwa sababu ya maneno ya Fauzia: mimi ninajua wewe ni nani. Aliyashika kwa mikono miwili. Aliambiwa baba mdogo mbele ya mama mkwe, sawa, mtoto alikuwa analinda ndoa yake, angefanya nini? Akija mwenyewe, jina la shangazi litarudi.

Siku ya kumi Fauzia akapiga simu. Zamoyoni alisimamisha cherehani, akamwashiria Léocadie naye asimamishe.

"Shikamoo, baba mdogo."

Akasikiliza kama kuna vyombo, televisheni, mtu anayekohoa nyuma. Hakusikia kitu.

"Mama mkwe yuko hapo karibu?" aliuliza polepole.

"Hayupo, wametoka wote. Niko peke yangu tu. Kwani vipi?"

Alimsikia kwamba anauliza kweli. Hakuwa akificha lolote. Jina lilimtoka kirahisi, kama lilivyomtoka lile jingine akiwa na miaka sita, begi lake la shule mgongoni. Léocadie akainamia kitambaa chake asimtazame.

"Marahaba," Zamoyoni alijibu, maana salamu ya mtoto lazima ijibiwe.