Ngozi ya Mjomba

Kwa miaka kumi na mmoja, mwanabiokemia ambaye wenzake walimwita Mama Seli alikuwa akiotesha seli za ubongo kutokana na kipande cha ngozi ya mjomba wake. Mjomba alikuwa fundi saa hadi mikono ilipoanza kumtetemeka kwa ugonjwa wa ubongo. Ngozi ile Mama Seli aliigeuza kuwa seli shina, zile zinazoweza kukua kuwa seli za aina yoyote, akazilea kwenye kabati la joto, akizibadilishia lishe hata siku za mapumziko, mpaka zikawa seli za neva. Kisha akazitazama zikifa, akitafuta kinachoziua.

Alipokipata, balaa likaanza. Mkuu wa maabara alikuwa amejijengea jina kwa kudai kwamba seli hizo huuliwa na protini mbovu zinazorundikana ndani yake. Za Mama Seli zilikufa kabla ya mrundikano wowote. Zilikuwa zimeishiwa nguvu, na mchoro mmoja katika makala yake ulionyesha hivyo.

"Ondoa mchoro huu mmoja tu," mkuu alimwambia, akigonga karatasi kwa kalamu. "Mengine yote nitayapitisha."

"Huo mmoja ndio kazi yenyewe, mzee."

"Usinivunjie heshima. Nani alikufundisha kushika hadubini?"

"Wewe. Ukanifundisha na kuandika ninachokiona."

Kesho yake alikuta kitasa cha maabara kimebadilishwa. Seli zilikuwa ndani. Alimfuata mjomba nyumbani, wakaingia wote wawili katika ofisi ya msajili wa chuo.

"Nimekuja kuchukua ngozi yangu," mjomba akasema, fimbo ikigongagonga sakafu.

Msajili akadhani mzee amechanganyikiwa. Mama Seli akamwekea mezani fomu ya ridhaa: mtoaji ana haki ya kuihamisha sampuli yake wakati wowote. Msajili akaisoma mara mbili, akashusha pumzi, akatia sahihi.

Walitoka na mirija sita ya seli za mjomba zilizogandishwa.

Chuo cha mifugo kilimpa Mama Seli chumba kando ya zizi la ng'ombe. Akarudia jaribio lote kwa miaka miwili. Jibu likawa lilelile. Akalichapisha, mchoro ukiwa ukurasa wa kwanza, na maabara nyingine mbili zikapata kama alivyopata yeye.

Mkuu akamwandikia kwa upole: nafasi yake ipo, arudi.

Mjomba, ambaye sasa alilishwa kwa kijiko, akauliza, "Utarudi?"

"Nirudi wapi, mjomba? Nina kazi."

Akamfuta kidevu, akachukua koti lake, akaenda kubadilisha lishe.