Kichwa cha Mke wa Diwani

Wifi yangu ni msusi. Siku aliyosema atagombea udiwani nilicheka mpaka nikamwaga chai. Nilikosea, nakiri, lakini ungemwona na chanuo mdomoni, kichwa cha mtu amekibana mapajani, ungecheka pia.

"Wajawazito wanakwenda zahanati kujifungua na ndoo zao za maji," akasema. "Nani atawasemea? Wewe?"

Nikachukua kitambaa, nikafuta chai.

Diwani wa wakati huo tulimwita Mheshimiwa Kesho. Bomba la zahanati, kesho. Taa za barabarani, kesho. Alikuwa na magari mawili ya vipaza sauti. Wifi alikuwa na stuli tatu na kioo chenye ufa. Lakini mtu akishakaa kusukwa hana pa kukimbilia kwa saa nne. Magari yalipita na kelele zake, kichwa kilibaki pale pale, kikielezwa habari za bomba tangu mwanzo. Kufikia wiki ya mwisho nusu ya wanawake wa kata walikuwa wanazirudia nyumbani neno kwa neno, waume wapende wasipende.

Ukabaki mdahalo wa wagombea, saa tisa alasiri kwenye ukumbi wa shule. Asiyefika, watu wangeambiwa kaogopa maswali, na hapo kampeni yote ya wifi ingekuwa kazi bure.

Siku hiyo, saa mbili asubuhi, aliingia saluni mke wa Mheshimiwa Kesho mwenyewe. Mpole, mkoba kifuani.

"Nataka rasta ndogo ndogo, ndogo kuliko zote," akasema. "Mume wangu kasema nipendeze, na nisiondoke mpaka ziishe."

Rasta za namna hiyo hula saa saba. Nilimkanyaga wifi mguu akatae. Akaniangalia kama sina akili. "Mteja ni mteja," akasema, akaanza na kisogo.

Saa tano ukaja ujumbe kwenye simu: mdahalo umewahishwa, utaanza saa sita kamili badala ya saa tisa, kwa sababu zisizozuilika. Nilitoa matusi ambayo sitayarudia hapa. Kisogo kilikuwa kimekwisha, nadhifu kabisa, lakini mbele nywele za mama wa watu zilikuwa zimesimama kama zimeona nyoka.

"Mwache, twende!" nikasema.

"Sijawahi kumwacha mtu na nusu kichwa," wifi akajibu. Alikuwa karibu kulia, na mimi pia.

Mke wa Mheshimiwa alijitazama kwenye kioo muda mrefu. "Nani kauwahisha?"

"Kamati," nikasema. "Mwenyekiti wake si shemeji yako, mdogo wa mumeo?"

Akasimama, akabeba stuli moja mwenyewe. "Basi tunakwenda wote. Leteni hizo rasta."

Tulipofika ukumbini Mheshimiwa Kesho alikuwa ameshashika kipaza sauti. "Mnaona, ndugu zangu? Mwenzetu kakimbia..." Akatuona. Akamwona na mkewe, nusu rasta, nusu msitu, akipanda jukwaani na stuli. Kipaza sauti kikabaki kinakoroma peke yake.

Mwalimu mkuu mstaafu, aliyeongoza mdahalo, alivaa miwani akazipekua kanuni mara mbili. "Hakuna kifungu kinachokataza kusuka," akatangaza. "Endeleeni."

Wifi akakaa, mteja akakaa mbele yake, nikawashikia kipaza sauti. Aliulizwa habari za maji, akajibu huku vidole vinakwenda. Akaulizwa habari za taka, akajibu na kumaliza mstari mzima juu ya sikio. Mheshimiwa akajikaza. "Ndugu wananchi, huyu mikono yake imejaa nywele. Kata ataishika kwa mikono ipi?"

Wanaume wa nyuma wakapiga makofi. Hapo mkewe akanyoosha mkono.

"Nina swali kwa Mheshimiwa."

Mwalimu akamruhusu, naye akasema polepole, kama anaomba chumvi kwa jirani: "Jana ulinituma nije kusukwa leo, zile ndogo kuliko zote, nisiondoke mpaka ziishe. Ulitaka nipendeze, au ulitaka huyu asifike hapa?"

Ukumbi ulilipuka. Bibi mmoja alicheka mpaka akavuliwa viatu apate hewa.

"Mambo ya nyumbani tutaongea nyumbani," Mheshimiwa akasema.

"Nyumbani huwa unaniambia kesho," akajibu mkewe.

Wifi alishinda kwa kura tisa. Zile nane sijui ni za nani, kila mtu anadai yake ndiyo iliyomwokoa. Ya tisa naijua. Siku ya uchaguzi nilipanga foleni nyuma ya mke wa Mheshimiwa. Aliingia nyuma ya kile kibanda cha boksi cha kupigia kura, akakawia mpaka watu wakaanza kunung'unika, na msimamizi akamwuliza kama anahitaji msaada. Alipotoka alinishika mkono, macho yamemlowa.

"Miaka kumi na tano mume wangu ananiambia niweke alama pale juu, nikunje, nitoke," akaninong'oneza. "Leo nimeisoma karatasi yote. Dada, kumbe ina majina manne!"