Marando ya Mgeni

Mama yule alisimama nje ya uzio saa saba mchana, na kiroba kilicholowa maji kichwani. Sikumjua. Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya kitalu cha neti nikikata ncha za mimea, na kanuni yangu ni kwamba nikishanawa na kuingia, sitoki mpaka nimalize. Alipopiga hodi mara ya tatu nikatoka.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatua kiroba taratibu kama anayelaza mtoto. Alisema anaitwa Coletha, anakaa vijiji vya nyuma ya Mikumi, na amepanda gari tangu asubuhi, akamalizia kwa bodaboda. Alikuwa amesikia kwamba huku Kilangali kuna binti anayefuga mama wa viazi.

Kazi yangu sikuwahi kuielezea vizuri kuliko hivyo. Ndani ya neti nilikuwa na mimea mama sitini ya viazi lishe, yote uzao wa miche sita iliyotoka maabara ndani ya chupa, ambayo niliipakata mapajani njia nzima kutoka Morogoro. Mmea mama hauchimbwi wala hauliwi. Kazi yake ni kutoa ncha: unakata, unachipua, unakata tena, na kila ncha unayopanda inakuwa mmea uleule. Lakini mama huchoka. Ukimwacha atambae anazeeka, ukimzidishia mbolea anakuwa laini na kuvutia wadudu, na hata ukimtunza vizuri inabidi baada ya miezi kadhaa ampishe binti yake mwenyewe. Ubaya mkubwa ni virusi. Akiugua mama, wanawe wote wanazaliwa wagonjwa, na mkulima hajui mpaka siku ya kuchimba, anapokuta viazi vyembamba kama vidole.

Ndiyo maana ya neti, sabuni, na wembe uliochovywa kwenye dawa. Mwezi mmoja baadaye mkaguzi wa mbegu angekuja. Kitalu kikipita, marando, yaani mashina ya kupandia, yangeenda kwa vikundi yakiwa na lebo, cha kwanza kikiwa kikundi cha Fausta cha akina mama wa Kimamba, ambao mashamba walishalima. Kisipopita, shirika lililotoa neti lingeihamishia wilaya nyingine. Nilikaa nyumbani miaka miwili na shahada yangu ya kilimo kabla ya kupata kitalu hiki. Nilikipenda kuliko ninavyoweza kueleza bila kuonekana mjinga.

Mama Coletha akafungua kiroba. Ndani mlikuwa na marando matano. Alieleza kwamba mama yake, Bibi Ngolo, aliyabeba kutoka Maswa walipohama na ng'ombe, akayapanda kila walipotua. Sasa bibi huyo ni mzee, hana meno, na chakula pekee anachokiomba ni matobolwa ya viazi vile, vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, naye akavimumunya. Miaka ya karibuni viazi vilizidi kuwa vidogo. Halafu ng'ombe wa kaka yake, Shimba, wakavunja uzio wa bustani. Hayo matano ndiyo yaliyosalia duniani, kwa kadiri alivyojua yeye.

Nikageuza jani. Lilikuwa dogo, limejikunja, mishipa imefifia rangi. Chini yake inzi weupe wadogo, wabebaji wa virusi, waliruka kama vumbi la unga.

Nilipaswa kumwambia ukweli wote. Nilimwambia nusu: kwamba yanaumwa, na kwamba siwezi kuahidi yatapona.

"Sikuombi uyaponye, mwanangu," alisema. "Naomba uyafikishe kwenye mvua. Kwangu hakuna maji, na ng'ombe hawana adabu."

"Mvua za kwanza ukija, utayakuta hai," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaondoka kabla chai haijachemka, asije akakosa gari.

Nikayapanda kwenye ndoo, nikaiweka nyuma ya jiko, upande ambao upepo hauvumi kuelekea kwenye neti. Kesho yake nilitakiwa Kilosa kufuatilia barua ya ukaguzi. Nilimwachia kitalu mzee Kasiani, tunayefanya naye kazi, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye vitalu vya mkonge Kimamba, kama baba yake. Nilikuwa na haraka. Nilimwambia tu kwamba ile ndoo ni ya mgeni, aitunze vizuri.

Kilosa nilizungushwa siku mbili. Aliyetakiwa kusaini alikuwa mkutanoni, kisha msibani, kisha barua yenyewe ikaonekana chini ya kitabu cha wageni. Niliporudi nikakuta ndoo tupu, imeoshwa na kufunikwa.

Mzee Kasiani alinipokea akiwa na furaha. Akaniongoza mpaka ndani ya neti, tuta la mbele kabisa, akanionyesha marando matano yamesimama wima, yamemwagiliwa, yamewekewa na kivuli cha jani la mgomba.

Nikamuuliza kwa nini.

"Mzigo wa mgeni haulali nje," alisema. "Ulisema nitunze. Hapa si ndipo tunapotunza?"

Nilipandisha sauti, jambo ambalo sikulelewa kumfanyia mtu wa umri wake. Alisubiri nimalize, kisha akanihesabia kwa vidole: alinawa kwa sabuni, alichovya wembe, alivua viatu mlangoni. Kila nilichomfundisha alikifanya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu ni kweli. Nilimfundisha kuwazuia wadudu wasiingie, sikumfundisha kwamba wanaweza kukaribishwa. Nilipomwonyesha inzi weupe wakiruka kutoka tuta moja kwenda jingine, alivua kofia akakaa chini.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewafungulia mlango," alisema. Nikamjibu kwamba mlango niliuacha wazi mimi, niliposhindwa kusema maneno manne zaidi.

Tukayang'oa matano yale, tukayaosha jani kwa jani kwa maji ya sabuni, tukayarudisha kwenye ndoo nyuma ya jiko na kuifunika chandarua cha zamani. Ndani ya neti tulitundika mifuniko ya plastiki ya njano iliyopakwa grisi, inzi wakanasa. Kila asubuhi nilipita na daftari, nikigeuza majani. Siku ya kumi na mbili mmea namba nane ukaonyesha michirizi. Siku ya kumi na tatu, minne. Kung'oa mmea mama ambao umeukata ncha kwa mkono wako miezi yote ni kazi ya dakika moja, na mikono inaikataa. Mzee Kasiani alichimba shimo mbali, akawasha moto, na siku zile hakunitania kama alivyozoea.

Kufikia siku ya ukaguzi nilibaki na mimea thelathini na saba. Ndani ya ndoo marando mawili yalikuwa yamekufa. Matatu yaliishi, na moja kati yake, sijui kwa neema gani, lilikuwa limetoa chipukizi lenye jani pana lililonyooka. Hutokea mara chache: mmea mgonjwa hutoa tawi linaloushinda ugonjwa. Sikutaka kulitumaini, lakini kila asubuhi nilianzia pale.

Mkaguzi, Bwana Ditram, alikuwa mtu makini na mpole. Alikagua mimea yote thelathini na saba, akapiga picha, akasema kwa kitalu kilichopatwa na janga, hajaona kilichosafishwa kwa uaminifu kama hiki. Nikaanza kupumua. Kisha akaenda kunawa nyuma ya jiko.

Aliporudi alikuwa ameshika kalamu bila kuandika. Akaniambia kanuni ninayoijua: kiazi kitamu kinachoumwa hakiruhusiwi karibu vile na mimea mama.

"Choma hiyo ndoo, dada. Nasubiri. Dakika kumi, nasaini, naondoka."

Nikamweleza ni ya nani. Nikamwomba niipeleke Mikumi siku ileile. Akasema kanuni inataka ashuhudie ikiteketezwa, si ikihamishwa, na kwamba jioni anavuka kwenda wilaya nyingine. Hatarudi msimu huu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anaongea kama ambavyo ningeongea mimi, nikiwa na kalamu yake.

Mzee Kasiani akanivuta pembeni. "Mwanangu, choma," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyekosea. Akija, nitapiga magoti mimi mbele yake."

Niliwaza kikundi cha Fausta na matuta yao yaliyokwisha kuinuliwa. Niliwaza neti ikikunjwa. Nilijaribu kupata hoja ya kitaalamu, na zote zilikuwa upande wa Bwana Ditram. Upande wangu kulikuwa na mama mmoja aliyepanda gari na kurudi akiwa ameniamini. Ningeweza kumwambia yalikufa. Angesema ni mapenzi ya Mungu, na asingeuliza zaidi.

"Siwezi kuichoma," nikasema. "Niliahidi."

Bwana Ditram akaandika "Hakikupita" kwa mwandiko mzuri, akanipa nakala, akaniambia nijaribu tena mwakani kama kitalu kitakuwepo.

Fausta nilimfuata mwenyewe Kimamba kumweleza. Hakunigombeza. Alisema, "Mtaalamu, huruma yako imetulaza njaa," kisha akarudi kupanda marando ya jirani yake, ambayo nina hakika yanaumwa. Maneno yale bado ninayo.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne. Alhamisi mama Coletha akaja, kanga imelowa mabegani. Watu wa shirika walikuwa wameshaondoa nusu ya neti, akauliza kama tunajenga upya. Nikamwambia ndiyo, tunabadilisha mpangilio. Mzee Kasiani akainamisha kichwa.

Nikamletea ndoo. Aliyahesabu matatu, hakuuliza mawili yako wapi. Nilimwonyesha lile tawi lenye jani pana, nikampa wembe, nikamwelekeza akate juu ya kifundo cha tatu, apande hilo peke yake, mbali na mengine, na mwakani akate marando kwenye hilo tu.

Alikata kwa mkono uliozoea, akalifunga kwenye kitambaa chenye maji, akaliweka kifuani.