Benchi la Kapteni Stofberg

Kapteni mstaafu wa polisi Hendrik Stofberg alifika kwenye jumba la michezo ya kuigiza mjini Gqeberha, Afrika Kusini, Alhamisi saa tisa alasiri, kofia mkononi, na keki ya maziwa iliyookwa na binti yake. Alikuwa amealikwa na Lwando, mwongozaji, kijana aliyeamini kwamba watu wakipigwa picha pamoja mioyo hupoa.

Mchezo ulikuwa unarudishwa jukwaani. Mara ya kwanza, mwaka 1986, ulichezwa siku moja tu huko New Brighton, mtaa wa watu weusi. Kabla haujaisha, polisi wa Stofberg walimchukua Zandisile, aliyeigiza mwana, na hakuonekana tena. Dada yake, Nozuko, siku hiyo aliigiza binti. Sasa aliigiza mama.

Mama yao halisi, Nowinile, alikuwa mpishi nyumbani kwa Stofberg. Aliendelea na kazi hiyo kwa miaka kumi na mmoja zaidi, maana kila asubuhi akimmiminia kahawa alipata nafasi ya kumuuliza mwanawe yuko wapi. Alikufa akiuliza.

"Kaa pale kwenye benchi, Kapteni," Lwando alisema. "Mwanga ni mzuri."

Lilikuwa benchi la zamani la stesheni, lenye kibao cha WAZUNGU TU. Stofberg akakaa, akatabasamu, akapigwa picha. Alipotaka kuinuka, hakuweza.

Seremala wa jukwaa, Mzimkhulu, alipiga magoti akamgonga mguu kwa kidole.

"Miguu imekuwa mbao mpaka magotini, imeshikana na benchi. Msonobari. Nikikata juu ya hapo, nakata mtu."

"Kesho tunafungua," Lwando alisema. "Basi akae. Ila asiwaharibie wenzake maneno yao."

Nozuko akamletea kahawa kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Stofberg alikitambua. Kilikuwa cha Nowinile, na kwake kilikaa chini ya sinki, mbali na vikombe vya watu.

"Hakuna kingine?"

"Hicho ndicho chako, mzee. Usije ukakichanganya na vyetu."

Kesho yake, mbele ya ukumbi uliojaa, Nozuko alipofika mahali ambapo mama anamuuliza polisi, alimpita mwigizaji wa polisi akasimama mbele ya benchi.

"Zandisile mlimzika wapi?"

"Sikumbuki, Nozuko. Ni zamani mno."

Mbao ikapanda kidole kimoja. Mzimkhulu aliiona kutoka pembeni, akakusudia kuitia alama ya chaki baada ya onyesho.

"Na viatu vyangu siku ile?" Nozuko akaendelea kuuliza.

"Vyekundu. Kimoja hakikuwa na kamba."

Watazamaji walipiga makofi. Gazeti moja lilisifu utulivu wa yule mzee wa kwenye benchi.

Ikawa hivyo wiki nzima, kisha wiki sita. Alikumbuka namba ya gari la polisi, na mvua iliyonyesha, na kwamba Zandisile aliomba maji njiani kwenda kwenye shamba fulani. Mahali tu ndipo asipopakumbuka. Binti yake, Annelise, alikuja kila adhuhuri na bakuli la uji. "Baba, mwambie tu huyu mama wa watu twende nyumbani," alimsihi. Baba alimjibu vilevile, kwamba hakumbuki, na mbao ikafika kifuani. Nozuko alifurahi, wala hakuona haya. Alitaka impande polepole, aihisi.

Siku ya mwisho ya msimu, mbao ilikuwa imefika kidevuni. Nozuko aliacha maneno ya mchezo akamwinamia sikioni.

"Jina la shamba mlikomzika tu, Hendrik. Jina tu, namwita seremala akutoe sasa hivi."

Stofberg alimtazama. Alikuwa anapaona mahali penyewe. Nozuko alijua hivyo kama anavyojua jina lake.

"Sikumbuki," alisema, na mbao ikamziba mdomo. Ukumbi mzima ukasimama kushangilia.

Annelise alichukua kofia na bakuli. Mzimkhulu alimpiga kapteni msasa mabegani, palipokuwa na vibanzi.

Mchezo sasa unazunguka miji mingine, na benchi husafirishwa limefunikwa blanketi. Kila onyesho Nozuko huliuliza, hungoja kidogo kama zamani, kisha humkalia kapteni mapajani akanywa kahawa yake yote. Nyumbani, kando ya kaburi la Nowinile, nafasi iliyoachwa kwa ajili ya Zandisile bado ni nyasi, na mbuzi wa jirani wanalisha hapo.