Mihogo ya Upande wa Munyemana

Mukabera aling'oa mashina matatu ya mihogo upande wa mumewe na matatu upande wake, kisha akaketi chini palepale kwenye udongo. Hakulia. Aliyatazama tu yale mafungu mawili akasema moyoni: Ee Mungu, hili moja si ungemwachia.

Maana bishano lenyewe lilikuwa la miaka. Munyemana, mumewe, waliporudi kutoka Congo na mtoto mmoja mgongoni, alipata kibarua Muganza kwenye migomba ya tajiri mmoja, na huko akajifunza kupunguza majani. Alikata yaliyozeeka, jua likapenya, ndizi zikanenepa, tajiri akamsifu mbele ya watu. Sifa ikamkaa kichwani. Alipopata kishamba chake hapa Gikundamvura, akauhamishia muhogo maarifa ya mgomba. Jani ni mlaji, alisema. Lipunguze, chakula kitashuka chini. Ukimwambia mgomba si muhogo, anakutazama kana kwamba umewatukana wazazi wake. Mtu mbishi yule, jamani, lakini mchapakazi. Haki yake apewe.

Mukabera naye hakuwa wa kunyamaza. Alisema jani ndilo linalopika, na mumewe anamfukuza mpishi halafu anangoja chakula. Mwisho wakachoka kubishana, wakapanga mstari wa mawe katikati ya shamba: huku kwako, huku kwangu, tutaona. Kila Ijumaa Munyemana alichuma upande wake mpaka vikabaki vishungi vya juu. Mkewe aliyatwanga yale majani kwenye kinu, akapika sombe kwa mawese kabla jua halijazama, ili Sabato iwakute chakula kiko tayari. Ilikuwa tamu kweli, na Mukabera aliila huku akinung'unika. Upande wake hakugusa jani. Mwaka mmoja na miezi minne ikapita hivyo.

Kisha ini la Munyemana likaharibika. Hospitali walimwambia Aimable, mwana wao, amrudishe baba yake nyumbani tu. Wiki tatu sasa mzee amelala chumba cha mbele, mlango wazi, hasemi mengi, ila kila asubuhi anauliza kama mihogo imeng'olewa. Asubuhi ile alimwomba mkewe aende amletee mmoja auone kwa macho yake.

Basi ndiyo hiyo. Mihogo ya upande wa Mukabera ilikuwa minene kama mkono wake mwenyewe. Ya upande wa mumewe ilikuwa myembamba kama vidole, na mingine ilikuwa mizizi mitupu. Hakufikiri sana. Aliuchukua ule mkubwa kuliko yote, wa upande wake, akaufuta kwa ncha ya kitenge, akaenda nyumbani kusema uongo. Katika miaka thelathini na mitano ya ndoa hakuwahi kumdanganya mumewe.

"Ni wa upande yako, Papa Aimable," alisema.

Mzee aliupokea kwa mikono miwili, akaulaza kifuani, akaupapasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Akacheka, kicheko kidogo cha mtu asiye na pumzi. Wiki tatu hakuwa amecheka. Mukabera alifurahi, alifurahi sana, akajiambia Mungu atasamehe.

Hapo mzee akasema aitwe Aimable, aje na mkewe Uwase, wasikie wote wawili.

Furaha yote ikamwisha Mukabera. Alijua maana ya mwito ule. Kwao, mzazi akiita watoto kitandani akiwa katika hali ile, anatoa wosia, na neno analoliacha hakuna wa kulibadilisha. Na Aimable alikuwa na shamba la mihogo kule bondeni, lenye miezi mitano, ambalo mwakani lingelisha watoto wake wanne. Kijana mtiifu yule angelinyonyoa Ijumaa hiyohiyo, na Ijumaa zote zilizobaki, kwa heshima ya baba.

Walikuja wakakaa mkekani. Munyemana akauinua muhogo kwa shida.

"Mutoto wangu, umeona? Sasa sikia neno yangu. Lile shamba ya bondeni..."

"Papa Aimable, ngoja." Mukabera alikuwa ameshasimama. "Huo muhogo ni wa upande yangu. Nimekudanganya. Ya kwako haikuzaa."

Uwase aliinamisha kichwa. Aimable alimtazama mama yake kwa hasira ambayo hakuwahi kumwonyesha, maana ni nani anayemfanyia mgonjwa vile? Mukabera alitamani ardhi imfunike. Lakini hakulirudisha neno lake.

Munyemana aliushusha ule muhogo kando yake kitandani. Kisha akamwomba mkewe alete ile ya upande wake. Akaileta, haikujaza hata nusu ya kikapu. Mzee aliishika mmoja mmoja, akaigeuza, akairudisha. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta.

"Aimable," alisema mwishowe, "majani ya bondeni yaachwe. Neno yangu ni hiyo. Batoto ba kwako bakule."

Akamgeukia mkewe. "Na hii yangu, unipikie leo. Nataka nikule kazi ya mikono yangu."

Kumenya mihogo ile ilikuwa kazi. Ukitoa ganda, kinachobaki ni uzi. Mukabera aliimenya yote asiache hata mmoja, akaichemsha, akakaa kando ya kitanda na kummegea vipande vidogo. Siku nne mzee hakuwa ametafuna kitu. Alitafuna taratibu, akasema ni mitamu. Mukabera akaonja, akasema kweli ni mitamu, na safari hii hakudanganya.

Walimzika Alhamisi. Kesho yake mchana, waombolezaji wakiwa bado uani, Mukabera alichukua kikapu akaenda shambani. Upande wa marehemu vilibaki vishungi tu. Akavuka mstari wa mawe, akasimama mbele ya mihogo yake ambayo hakuwahi kuigusa jani, akaanza kuchuma, ili Sabato isiikute nyumba ya Munyemana haina sombe.